Mbwa Aliyefungwa Mgombani

Ndugu zangu wa Kishanda, na ninyi wa Ngenge mnaofuga mbwa wa kuwindia, habari hii ni yenu. Naisema bila kuificha. Atakayekasirika na akasirike, mradi asikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, miaka ya mwisho ya Mwingereza. Buni zilikuwa zimeanikwa kwenye mikeka, na nyumbani kwa Gamaliel palikuwa shwari. Gamaliel mwenyewe alikaa kizingitini akipaka mafuta mpini wa mkuki wake. Binti yake Alistidia, mwenye miaka tisa, alikuwa amempakata mbwa akimtoa kupe masikioni, na kila kupe alimhesabu kwa sauti.

Mbwa huyo alikuwa jike. Aliitwa Njuga, kwa sababu ya kengele ya mti aliyovalishwa shingoni siku za mawindo. Kijiji kizima hapakuwa na pua kama yake. Gamaliel alimpenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya watu, naye alikwisha kumwahidi shemeji yake Mushumbusi, mwindaji wa Ngenge, kwamba mtoto wa kwanza wa Njuga atakuwa wake.

Ndani ya nyumba, Kemilembe, mke wa Gamaliel, alikuwa akitandaza majani mapya sakafuni. Hapa kwetu mgeni hakalishwi juu ya majani ya juzi, na kesho yake wageni wangejaa, kwa maana Gamaliel angesimamishwa kanisani kuwa mzee wa usharika. Kemilembe aliyatoa majani ya zamani yaliyokuwa meusi kwa moshi, akatandaza mabichi yaliyokatwa rweya, kule nyikani juu ya kijiji, mpaka nyumba ikanukia. Njuga akaingia, akazunguka mara mbili, akatoka.

"Baba Alistidia," Kemilembe aliita. "Njoo uone."

Juu ya majani yale mabichi palikuwa na matone ya damu, kutoka mlangoni mpaka karibu na kitanda.

"Mbwa wako amepevuka," Kemilembe alisema. "Anataka dume. Na mimi kesho nitawakalisha wapi wake za wazee?"

Kabla Gamaliel hajajibu, ilisikika kengele ya baiskeli. Alikuwa Uledi, msaidizi wa bwana mifugo, Mwislamu wa mjini Bukoba ambaye babu yake alitoka pwani. Alizoea kupita vijijini kuchanja ng'ombe na kusoma amri za serikali, na watu walimpenda kwa maneno yake, ingawa hawakupenda amri zake.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu, Bwana Uledi," Gamaliel alisema. "Leo umekuja kuhesabu kuku?"

"Kuku wako najua unawaficha. Leo nimekuja kwa mbwa. Upande wa Muleba kuna kichaa cha mbwa. Wawili wameuawa wiki hii. Amri ni kwamba kila mbwa awe ndani mpaka nitakapopita na chanjo."

Kemilembe akamwonyesha matone. Uledi akaegemeza baiskeli, akamwinua Njuga mkia, akamtazama kwa makini.

"Huyu amekwisha kuanza zamani, kama wiki nzima. Damu imekuwa nyepesi. Hamkuona?"

"Majani ya zamani yalikuwa meusi," Kemilembe alisema kwa haya. "Hayakuonyesha."

"Basi hizi ndizo siku mbaya. Harufu yake inafika mbali kuliko sauti yako, Bwana Gamaliel, nawe una sauti. Madume yatakuja kutoka vijiji usivyovijua, na huwezi kujua lipi limetoka kwenye ugonjwa." Akaonyesha kwa kidole kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba. "Lile ghala lako la buni lina mlango wa mbao. Mtie humo. Mtandikie majani makavu, uyabadilishe kila siku na kuyachoma. Maji yawepo saa zote, maana jike katika siku hizi hunywa sana. Akitaka kujisaidia, mtoe wewe mwenyewe kwa kamba fupi, na fimbo mkononi, kisha mrudishe. Mtoto asikaribie. Siku zake zote ni kama ishirini na moja. Zimebaki wiki mbili tu."

"Na buni zangu zikanuke mbwa?"

"Zihamishe."

Gamaliel akacheka. "Bwana Uledi, ninyi watu wa msikitini mkimgusa mbwa mnaosha mkono mara saba. Leo wewe unifundishe mimi mbwa?"

"Mimi namgusa kisha naosha," Uledi alisema. "Wewe humgusi wala huoshi. Hata kupe anatolewa na mtoto."

Kemilembe alicheka. Alistidia naye akacheka, akajificha uso kwenye manyoya ya Njuga. Kicheko kile kilimwingia Gamaliel kama mwiba. Aliyavumilia maneno ya Uledi, lakini hakuvumilia kuchekwa mlangoni pake, na mkewe, siku moja kabla ya kuitwa mzee.

Uledi alipokwisha kuondoka, Kemilembe alisema, "Magunia ya buni ni manne tu. Tukisaidiana tutayatoa mara moja."

"Ghala halitolewi buni kwa ajili ya mbwa. Wageni wakija waone magunia nje kama tumehamishwa?"

"Basi jikoni."

"Jikoni kesho utapika na nani, na Njuga?" Akachukua kamba ya mgomba, akamvuta mbwa. "Serikali inataka mbwa afungwe. Nami namfunga."

Akampeleka migombani, hatua thelathini kutoka nyumbani, akamfunga kwenye mgomba uliokwisha kuzaa. Na moyoni mwake, wasomaji wangu, kulikuwa na neno jingine ambalo hakumwambia mkewe. Wawindaji wetu wana imani hii: jike likiachwa wazi madume yakaligombea, dume litakaloshinda ndilo linalozaa mbwa wa mawindo. Gamaliel aliyataka hayo madume yaje. Aliwataka watoto wa mshindi.

Na yakaja. Jumapili, watu walipotoka kanisani, yalikuwa matano. Chakula kilipopakuliwa yalikuwa manane. Wageni walikaa juu ya majani safi, wakala ndizi na samaki, wakasikia migombani ngurumo na vilio.

"Mzee Gamaliel," Mushumbusi alisema huku akijifuta mikono, "harusi hii ilitangazwa kanisani mara ngapi?"

"Mara tatu, shemeji," Gamaliel alijibu, "ila wewe ulikuwa umesinzia."

Watu wakacheka sana. Gamaliel alijisikia mtu mkubwa. Alitoka na wanaume wawili watatu kwenda kutazama, wakasimama kando wakichagua mshindi. Lilikuwapo dume jeusi la jirani yake Rutashobya, na jekundu la huko chini mtoni. Nyuma ya yote lilisimama dume moja la kijivu, limekonda, taya limelegea, mate yanadondoka. Halikumtazama Njuga hata kidogo. Lilikuwa likiuma hewa.

"Hilo la nani?" Mushumbusi aliuliza.

"La Rutashobya," Gamaliel alisema. "Anayo mawili."

Rutashobya alikuwa na mbwa mmoja, na Gamaliel alijua. Neno lilimtoka tu, kwa sababu hakutaka sherehe yake igeuke. Wakarudi ndani.

Sasa sikilizeni. Katika nyumba ile palikuwa na watu wazima kumi na wanane, na maji yalikuwapo mitungi mitatu, na tangu asubuhi hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumpa maji mnyama aliyefungwa juani. Alistidia alikumbuka. Alichota maji kwa kata ya kibuyu, akachukua fimbo kama alivyosikia Uledi akisema, akaenda migombani peke yake.

Waliposikia kilio, Kemilembe ndiye aliyefika wa kwanza. Mtoto alikuwa amekaa chini, maji yamemwagika kwenye gauni lake jipya, na kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa na matundu manne yanayotoka damu. Dume la kijivu lilikuwa likienda zake rweya, polepole, likiyumba.

"Mawe," mtoto alisema, kwa maana ndivyo tunavyomwita mama, "Njuga hajanywa bado."

Gamaliel akamchukua akamwosha kidogo, akamfunga kwa kitambaa. Wageni wakauliza, akasema ni mikwaruzo, mbwa wa jirani, hapana neno. Wakaendelea kula.

Siku ya Jumanne Uledi alirudi, safari hii bila utani. Dume la kijivu lilikuwa limeuawa njiani kuelekea Muleba, baada ya kuuma ndama wawili, nalo lilikuwa na kichaa.

"Limeonekana upande huu," alisema. "Nauliza kila nyumba. Kuna mtu aliyeumwa hapa? Bukoba kuna sindano. Zinapigwa tumboni, siku kumi na nne mfululizo, zinauma, lakini zikianza mapema mtu anapona. Akishaanza kuogopa maji, hapana dawa duniani."

Gamaliel alikuwa amesimama mlangoni. Aliona yote kwa mara moja. Akisema ndiyo, Njuga atauawa siku hiyo hiyo, kwa kuwa alikuwa pamoja na yule mgonjwa. Kisha kijiji chote kitajua kwamba mzee mpya wa usharika alidharau amri, kisha akawadanganya wageni wake mezani. Na kile kidonda kilikuwa kidogo. Kilikwisha kuanza kukauka.

"Hapana," alisema. "Hapa hakuna."

Kemilembe alifungua kinywa. Mumewe akamtazama. Akakifunga.

"Basi nipeni maji ya kunywa niende," Uledi alisema. "Bado nina nyumba nyingi."

Ni Alistidia aliyemletea. Alipiga magoti akampa kata kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, na mkono wa gauni ulifika mpaka vidoleni. Uledi akanywa yote.

"Ahsante, mwanangu. Njuga hajambo?"

"Hajambo. Amejaa tumbo kwa kula."

Uledi akapanda baiskeli. Kemilembe alisimama akiisikia kengele yake mpaka ikapotea migombani. Kisha akaingia jikoni, na siku ile hakusema na mumewe tena.

Wiki zikapita. Kidonda kikapona, kikabaki na alama nne nyeupe. Gamaliel alianza kulala vizuri. Njuga naye alionekana wazi kuwa ana mimba, na Mushumbusi alituma salamu kuuliza zawadi yake. Siku moja Gamaliel alimwambia mkewe, "Umeona? Tungempeleka mtoto akachomwe tumbo bure."

Siku ya thelathini na tano Alistidia alianza kujikuna zile alama.

"Mawe, kuna sisimizi ndani."

Kemilembe akatazama, hapakuwa na kitu. Kesho yake mtoto alikuwa na homa, hakutaka mwanga, alishtuka kuku akipiga mabawa. Asubuhi iliyofuata mama yake alimpa uji. Akaupeleka mdomoni, na shingo yote ikakaza, kata ikaruka, naye akapiga kelele kama mtu aliyeona nyoka.

Gamaliel alikuwa anachambua buni. Aliisikia kata ikianguka. Hakuna aliyehitaji kumweleza.

Majirani wakaleta machela. Rutashobya alishika mbele, na Gamaliel nyuma, wakaenda karibu kukimbia. Njiani kuna kijito, kidogo tu, watoto hukiruka. Alistidia alikisikia kabla hawajakifikia. Aliomba arudishwe. Alimwambia baba yake, "Tata, nitakuwa mwema, usinipitishe hapo." Wakamfunika blanketi usoni, wanaume wawili wakamshika, wakavuka. Gamaliel alikanyaga yale maji akatamani yamfike shingoni.

Waliwahi basi Muleba. Upande wa kulia wa njia, panapoonekana ziwa, Kemilembe alimgeuzia mtoto uso kifuani mwake, na hivyo ndivyo walivyosafiri mpaka Bukoba.

Daktari alitazama zile alama nne. "Lini?"

Gamaliel akasema lini.

"Mlikuwa na wiki tano," daktari alisema.

Uledi alipata habari, akaja hospitali jioni ile na mkewe Mariamu, ambaye alileta chakula kwenye bakuli lililofunikwa. Mariamu akakaa na Kemilembe chini, akamshika mkono, wala hakumwambia ale. Gamaliel alikuwa nje, ameegemea ukuta.

"Ile Jumanne," Gamaliel alisema, "alikuwa tayari ameumwa. Alikuletea maji."

Uledi akaja akaegemea ukuta kando yake.

"Nakumbuka," alisema. "Nilishangaa gauni la mikono mirefu, na jua lile. Nikasema moyoni, ni baridi ya kiangazi. Ningemshika mkono tu."

"Si kosa lako."

"Najua si langu. Lakini nilikunywa yale maji."

Alistidia alifariki siku ya pili, mchana, akiwa amechoka kulia. Mara ya mwisho alipotambua watu alimwuliza mama yake kama kuna mtu anayemnywesha Njuga. Kemilembe akasema yupo.

Walipomzika, Uledi alikuja na bunduki. Amri ilitaka mbwa auawe. Gamaliel mwenyewe alimleta Njuga kwa kamba, tumbo limejaa, mkia ukipunga. Ni Kemilembe aliyetoka nyumbani akasimama katikati.

"Mbwa huyu hakumwuma mtu," alisema. "Alikuwa na kiu. Watu kumi na wanane tulikula tukashiba, mtoto ndiye aliyekumbuka. Mkimwua leo, yale maji aliyapeleka kwa nini?"

Uledi alimchunguza Njuga mwili mzima, hakuona alama ya jino. Akaandika ripoti kwamba atafungiwa ndani miezi sita chini ya ulinzi, na kwamba yeye Uledi atakuja kila wiki. Akauliza afungiwe wapi. Gamaliel akaingia ghalani, akatoa magunia yote, moja baada ya jingine, akayapanga uani mbele ya macho ya watu. Hata robo saa haikupita.

Njuga alizaa humo ndani watoto watano, wala hawakupatwa na ugonjwa. Mushumbusi hakuja kuchukua wake. Jumapili moja Gamaliel alisimama kanisani, akaeleza yote niliyowaeleza, tangu kicheko cha mlangoni mpaka dume la kijivu, akauacha uzee wa usharika. Kemilembe hakuondoka nyumbani kwake, kama wengine walivyotabiri. Lakini tangu siku ile hajatandaza tena majani mapya kwa ajili ya mgeni. Ukifika kwao utakalia kigoda, na chini ni udongo mtupu. Na Njuga anapofika siku zake, Gamaliel huhamisha buni, humfungia, huketi nje ya ule mlango wa mbao na fimbo magotini, na kila mara huingia na kata ya maji, akamshikia mpaka anywe.

MAFUNZO

Ndugu zangu, msiseme Alistidia aliuawa na mbwa. Mbwa alikuwa mgonjwa, hakujua atendalo. Baba yake alijua. Alionywa na mtu mwenye kazi yake, akamdharau kwa sababu ya dini yake na kwa sababu ya kicheko kimoja. Kisha aliogopa aibu ya siku moja, akajinunulia msiba wa maisha yake yote.

Anayefuga jike ajue kwamba siku zake zikifika ameongezewa kazi. Amfungie ndani penye mlango, si migombani. Ampe maji na malazi makavu, amtoe mwenyewe kwa kamba, asimtume mtoto. Asingoje madume ya njiani yamchagulie uzao. Atafute dume moja lililochanjwa, wakati wake ufikapo. Na mtu akiumwa na mbwa, aoshwe kidonda kwa maji mengi na sabuni, apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mezani kuna wageni. Nanyi akina mama, mkitazamwa kwa jicho la kunyamazishwa na uhai wa mtoto uko mbele yenu, semeni.

Jike mtakapoona, damu inamdondoka,
Mwekeni ndani mchana, usiku pia hakika,
Kiu asije iona, kata isije kauka,
Kwetu mtoto hapana, maji aliyepeleka.